Joel Kipkosgei arap Sigilai, Mwenye Njia ya Wageni

Wasifu huu usomwe na ndugu yake, Benard arap Sigilai, nyumbani Kimulot, Jumamosi tarehe 12 Februari 1994.

Waombolezaji, familia inaomba radhi kabla ya kuanza. Si kawaida yetu kueleza mbele ya kaburi jinsi mtu alivyouawa. Huwa tunasema aliugua kwa muda mfupi, tunaimba, tunakula, kila mtu anarudi kwake. Lakini wiki nzima maneno yamezagaa kutoka hapa hadi Bomet kwamba Joel aliuawa na Wajaluo wa kambi ya chai. Kuna vijana wamesimama pale kando ya ua wakiwa na pinde zao, wanangoja kaburi lifunikwe ndipo wateremke kambini kumalizia walichokianza Ijumaa ile. Mjane, mama Rodah, amesema wasifu huu usomwe wote bila kurukwa neno, na vijana wausikie hadi mwisho kabla hawajakwenda popote. Jackton Ojwang, Mjaluo aliyefanya kazi na marehemu, ameketi mbele, kando ya mjane, na ameketi hapo kwa sababu mjane ndiye aliyemwita. Asiyependezwa na hilo avumilie.

Marehemu Joel Kipkosgei alizaliwa tarehe 19 Agosti 1946 karibu na Sosiot, Belgut, mtoto wa kwanza wa mzee Sigilai na mama Taprandich. Siku hiyo ng'ombe walikuwa wameibwa na nduru ikapigwa ng'ambo ya mto. Mzee alimwacha mkewe akiwa na uchungu wa kuzaa, akachukua upinde, akatoka mbio, kwa kuwa kwetu nduru ikipigwa mwanamume haulizi kitu, anakimbilia inakotoka na silaha mkononi. Alirudi jioni akiwa amebebwa, na mkuki umevunjikia pajani, akakuta ana mtoto wa kiume. Mama, ambaye yuko hapa leo na akili zake zote, husema kwamba damu ya baba na ya mtoto zilifuliwa kwenye karai moja. Mzee alichechemea maisha yake yote, na aliona fahari kuchechemea.

Alianza shule ya misheni mwaka 1954 na kuishia darasa la sita. Hakuwa mjinga, alikuwa mtoro. Ndege wa asali akilia karibu na dirisha la darasa, Joel alikuwa anatoka kumfuata msituni, na anarudi baada ya siku mbili na midomo imevimba kwa kuumwa na nyuki. Mwalimu mmoja alimchapa hadi fimbo ikakatika, akatuma aletewe nyingine. Alama zile alikuwa nazo mgongoni mpaka anakufa. Alikuwa akiwaonyesha watoto wake na kuwaambia hiyo ndiyo hati yake ya kumaliza shule.

Mwaka 1964 aliajiriwa na kampuni moja ya uwindaji kuwa mfuata nyayo. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka matajiri kutoka ng'ambo mpaka alipo nyati au ndovu, wapige risasi, wapigwe picha wameweka mguu juu ya mzoga, kisha warudi kwao. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja na aliijua vizuri. Ndani ya miaka hiyo, mwaka 1971, alimwoa Rodah Chepkemoi kanisani, na mwaka 1973 wakanunua shamba hili la Kimulot linalopakana na msitu wa Mau, wakapanda chai.

Kilichomtoa kwenye uwindaji kilitokea Julai 1975. Mgeni mmoja alimpiga nyati risasi ya tumbo, halafu akasema amechoka, akaenda kambini kunywa bia. Sheria ya kazi ile ni kwamba mnyama aliyejeruhiwa hufuatwa mpaka amalizwe, lakini mgeni alikuwa ndiye anayelipa, na mkubwa wa kambi hakutaka kumuudhi. Asubuhi yake Joel na mwenzake Kipsang walikuwa wanateka maji mtoni. Nyati yule alitoka kwenye kichaka na matumbo yananing'inia, akampiga Kipsang pembe ya kinena, akamrusha, akamkanyaga, akarudi tena kumkanyaga hata baada ya kufa. Joel alikuwa juu ya mti na hakuwa na kitu mkononi ila ndoo. Mgeni alisema pole, akamvulia mjane wa Kipsang saa yake ya mkononi, na kesho yake akapanda ndege. Joel aliiomba ile saa kwa mjane, akaiweka juu ya jiwe, akaiponda ikawa unga. Tangu hapo alikuwa akisema mgeni ni mtu ambaye makosa yake hubaki kwa wenyeji.

Serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, wenzake wengi walilia. Yeye alichinja mbuzi. Mwaka 1979 akaanza kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo, ya kuwapitisha wageni kwa miguu, kutoka hapa ukingoni mwa Mau, kupitia mashamba ya chai hadi Sosiot na Kabianga, mpaka mahali unapoliona ziwa. Masharti yake yalikuwa magumu kama ya jeshi. Wageni hawakuzidi sita. Walilala kwenye nyumba za watu na kula kilichopikwa, na malipo alipewa mama wa nyumba mkononi, si mumewe. Hakuna aliyeokota kuni msituni; jiko la mafuta ya taa lilibebwa mgongoni. Hakuna aliyepiga picha kabla ya kuomba, na aliyeomba akakataliwa alitakiwa kusema asante vilevile. Kipimo chake cha mgeni mzuri kilikuwa kwamba akiondoka, mama wa nyumba hana cha kufagia.

Kuna wakati kundi moja liliacha mfuko wa betri zilizokwisha kwenye ghala la Rodah. Joel alitembea na ule mfuko hadi Kericho mjini, akawakuta hotelini wanakula chakula cha jioni, akaziweka betri mezani moja moja kati ya vikombe vya supu, akawatakia safari njema. Mama Rodah naye hakuwa mpole kumzidi. Mwanamume mmoja alimpiga picha akiwa anamwogesha mtoto, na mama Rodah akamnyang'anya kamera, akaitumbukiza kwenye karai la maji ya sabuni. Mgeni alimgeukia Joel kumlalamikia. Joel alimwambia, "Shukuru Mungu. Maji yangekuwa ya moto."

Mwaka 1986 wageni wake wa zamani walimwalika Uswisi, na akaenda kama alivyowataka wao waje kwake. Alilala kwa mfugaji wa milimani na kila asubuhi alikamua ng'ombe pamoja na mwenye nyumba. Walitaka kumpandisha helikopta aone barafu kutoka juu, akakataa, akasema ng'ombe watashtushwa na kelele zake na maziwa yatapotea. Alirudi na jambo moja ambalo hakuliacha tena. Kule aliona kwamba anayeitumia njia ndiye anayeitengeneza. Basi kuanzia mwaka huo kila mgeni, awe profesa awe daktari, alipewa jembe asubuhi ya kwanza akachimbe mitaro ya njia kabla hajaruhusiwa kuikanyaga. Majirani walikuwa wanakuja kutazama wazungu wakilima, na walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini njia ile haijawahi kubomolewa na mvua, na mama zetu hupitishia chai humo mpaka leo.

Jackton Ojwang alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai kwenye shamba kubwa, akaishi kambini na mkewe Ayoo. Mwaka 1983 Joel alimchukua awe mpishi na mbebaji wa safari zake. Walibishana kila siku kwa miaka kumi na mmoja, juu ya chumvi, juu ya mwendo, juu ya Mungu. Hakuna aliyewahi kumsikia mmoja akienda safari bila mwenzake.

Machi 1992, wakati wa machafuko, walikuwa na wageni watano karibu na Kabianga walipoona moshi upande wa Sondu. Vijana waliojipaka majivu usoni waliwazingira kwenye barabara ya chai, wakasema wageni wapite, mzee apite, Mjaluo abaki. Joel aliwaambia wageni wakae chini wamzunguke Ojwang, wasiinuke hata wakiona nini, nao wakakaa. Halafu akasimama nje ya duara lile na kupigwa. Walimvunja mfupa wa bega, wakamng'oa meno mawili kwa rungu, wakamkanyaga mbavu. Kila alipoangushwa aliinuka akasimama palepale. Mwishowe mmoja wao alimtambua, akasema, "Huyu ni arap Sigilai wa njia. Wacheni, atafia hapa bure." Wakaenda kuchoma kwingine. Wageni wale walibaki siku kadhaa kanisani Sosiot wakiwafunga watu vidonda, na mmoja wao amekuja kutoka mbali kuwa nasi leo. Karibu, na pole.

Sasa tufike kwenye kifo chake, na vijana mlioko kando ya ua msogee karibu.

Ijumaa tarehe 4 Februari, marehemu aliingia msituni asubuhi akiwa na Ojwang pamoja na wageni wawili, mtu na mkewe kutoka Uholanzi. Kwenye mteremko wa miti ya mitarakwa waliwakuta wanaume watatu na msumeno wa injini. Mtarakwa mmoja ulikuwa chini tayari, na wa pili umewekwa alama. Watu hao hawakutoka ziwani. Walitoka hapa, wanaongea Kipsigis, wanawajua watoto wetu kwa majina. Wawili wako mikononi mwa polisi, na wa tatu anatafutwa. Marehemu alimwambia Ojwang awatoe wageni mpaka kwa mwalimu aliye karibu na barabara. Kisha akaenda akakaa juu ya gogo lile.

Mmoja akamwambia, "Mzee, toka hapo. Sisi tuko kazi."

Marehemu akajibu, "Hata mimi niko kazi. Hii ni njia yangu na miguu imechoka. Kateni, lakini mtakata na mimi nikiwa hapa juu."

Wakamsukuma, akarudi akakaa. Wakamvuta miguu, akalishika tawi. Ndipo panga likainuliwa. Alikatwa begani, akakatwa mkono wa kushoto alioinua kujikinga hata vidole viwili vikabaki pale kwenye gogo, akakatwa shavu. Walipoona damu ni nyingi waliogopa walichofanya. Wakatoka mbio hadi ukingoni mwa msitu, na badala ya kujificha wakapiga nduru, wakitangaza kwamba Wajaluo wamemuua Kipkosgei.

Na sisi tukaitika. Inafaa lisemwe kaburini kwa sababu lilifanywa mchana. Hakuna aliyeuliza ni Mjaluo gani, wala amemuulia wapi, wala nani ameona. Wanaume wa Kimulot waliacha chai kwenye vikapu wakateremka kambini. Nyumba za wafanyakazi zilichomwa zikiwa na magodoro na chakula ndani. Ayoo alivunjwa mkono kwa rungu mbele ya jiko lake. Ongeri, mlinzi mzee wa kambi ambaye hakuweza kukimbia, alipigwa mpaka akafa, na Ongeri hata Mjaluo hakuwa, alikuwa Mkisii. Alizikwa juzi kwao, na sijui kama kuna mtu wa hapa aliyekwenda.

Wakati huo Ojwang alikuwa amewafikisha wageni kwa mwalimu, akarudi msituni, akamkuta marehemu hai. Alivua shati lake akamfunga mkono, akambeba mgongoni. Ni mwendo mrefu, wote mnaujua mlima ule. Marehemu alimwambia njiani, "Wewe unanirusharusha kama gunia ya viazi." Ojwang akamwambia, "Nyamaza, mzee, damu inatoka ukiongea." Hivyo ndivyo walivyokuja, wakibishana.

Walipolikaribia geti hili walitokea nyuma yao vijana wachache wanaorudi kutoka kambini. Mmoja wao ni Kimutai, mtoto wa Benard, huyu anayewasomea. Kimutai ana miaka kumi na tisa. Upinde alifundishwa na marehemu mwenyewe, ambaye alimpenda kama mtoto aliyemzaa. Alichokiona kwa nyuma ni Mjaluo ambaye hana shati, amelowa damu, amebeba maiti ya baba yake mkubwa. Alipiga mshale kumlenga Ojwang. Mshale ukaingia mgongoni mwa marehemu, chini ya bega, ukazama mpaka kwenye pafu.

Kimutai aliweka mshale wa pili. Marehemu akainua kichwa, akageuza uso uliokatwa, akamwona. Akasema, "Kimutai, usipige. Huyu ndio miguu yangu saa hii. Akianguka, na mimi naanguka."

Waliokuwepo getini walikuwa wachache, na hawakumwambia mtu walichokiona. Kunyamaza kwao ndiko kulikowafanya ninyi wengine mkeshe wiki nzima mkinoa vichwa vya mishale. Benard aliiandika sehemu hii kwa mkono wake. Kama sauti inamkatika, mvumilieni, ataimaliza.

Marehemu alifikishwa hospitali ya misheni jioni hiyo kwa gari la mwalimu. Daktari alieleza familia waziwazi kwamba yale majeraha ya panga yangepona, angebaki na mkono mmoja na kovu usoni, angetembea tena. Kilichokuwa kinamuua ni mshale. Aliishi mpaka Jumapili tarehe 6 Februari, akazimika baada ya saa nane mchana, Rodah akiwa amemshika mkono mzima. Kabla ya hapo alimwita Benard karibu, akasema kwa shida, "Usimkasirikie huyo kijana. Amepigiwa nduru, ameitika. Sisi wote tulimfundisha kuitika, hatukumfundisha kuuliza. Mpeleke polisi wewe mwenyewe, asitolewe na watu kama mwizi. Na Ojwang aketi na mama." Benard alitaka kumwambia kwamba atapona. Hakusema, kwa kuwa marehemu alikuwa anachukia kudanganywa. Jumatatu asubuhi Benard alimpeleka Kimutai kituo cha polisi, wakitembea, na Kimutai aliandikisha yote bila kushurutishwa.

Kwa hiyo hakuna mtu wa ziwani aliyemgusa Joel Kipkosgei ila aliyembeba. Waliomkata ni watu wetu, na aliyemmaliza ni mtoto wetu. Familia inaumia sana kulisema hili, na mama yake Kimutai hakuweza kuja kulisikia. Lakini ingekuwa aibu kubwa zaidi kumzika Joel kwa uongo, na uongo huo ukaue watu wengine kabla matanga hayajaisha.

Marehemu ameacha mama yake, Taprandich. Mjane wake, Rodah. Watoto wake Fancy, Kipkirui na Tecla, pamoja na mjukuu mmoja. Ameacha ndugu yake Benard. Ameacha Jackton Ojwang na Ayoo, ambao nyumba yao ilichomwa na ambao tangu leo wanaishi kwenye nyumba ya wageni ya boma hili, kwa amri ya mjane. Ameacha Kimutai, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza aandikwe hapa pamoja na watoto wake, si mahali pengine.

Kwa vijana wenye pinde. Mkiona kwamba damu ya Joel lazima ilipwe leo, msipoteze muda kuteremka kambini. Aliyepiga mshale ni Kimutai, na Kimutai yuko rumande. Baba yake ni huyu anayesoma. Nyumba yake ni ile yenye paa jekundu ng'ambo ya kijito, mlango haukufungwa asubuhi, na hana upinde ndani. Akimaliza kusoma atakwenda kuweka udongo wa kwanza akiwa na Ojwang, halafu atarudi kusimama hapahapa awangoje.

Mungu ampokee Joel, amlaze mahali penye utulivu. Amina.